Ngalawa, katamarani au mrengu mmoja? Kuchagua chombo kidogo cha tanga chenye maboya ya povu, Mombasa

Tuseme una uwanja mdogo nyuma ya nyumba Kisauni au Shanzu, una msumeno, randa na ruhusa ya mwenye nyumba, na unataka chombo cha tanga cha kwako mwenyewe. Kuchonga mwembe mzima huwezi: miti mikubwa ya kuchongwa imekuwa adimu, na mafundi wa kuichonga ni adimu zaidi. Basi unawaza povu gumu, lile jeupe la makasha ya samaki ambalo kila mtu huliita stairofomu. Ni jepesi, halizami, na hukatika kwa waya wa moto. Kinachobaki ni umbo, na hapo ndipo watu hugawanyika. Wapo wa ngalawa, yenye mtumbwi mmoja katikati na maboya mawili pembeni. Wapo wa katamarani, yenye mitumbwi miwili iliyo sawa. Na wapo wachache wa mtumbwi wenye boya upande mmoja tu.

Ili tulinganishe kwa haki nachukua kipimo kimoja kwa vyote vitatu: urefu wa mita 4.8, watu wawili, tanga la mita 8 za mraba, na safari za ndani ya mwamba wa matumbawe, upande wa ufuo, kati ya Nyali na Shanzu au ndani ya mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa. Kutoka nje ya mwamba sikuzungumzii. Hiyo ni kazi ya chombo kingine na moyo mwingine.

Ninakoegemea niseme mapema: ngalawa. Heshima kwa wazee ipo, lakini sababu yangu ni nyingine, nayo inahusu kazi gani unalipa povu. Nitaifikia.

Kwanza bahari yenyewe

Kusi ndiyo inayokihukumu chombo Mombasa. Huvuma kuanzia mwezi wa nne au wa tano hadi wa tisa hivi, na mchana hukaza. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kwa kawaida ni mpole zaidi. Baina yake huja matlai, majira ya upepo hafifu, ambapo hata chombo kibaya huonekana kizuri. Mtu akikuambia chombo chake hakijawahi kumsumbua, muulize amekishusha majini miezi gani.

Jambo la pili ni kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji hapa hupita mita 3. Pale Bamburi ulipoelea vizuri maji yakiwa yamejaa, saa sita baadaye pana mchanga, majani ya bahari na vichwa vya mawe. Ukikiacha chombo kwenye nanga ndani ya mwamba, kitakaa chini mara mbili kwa siku, kila siku. Michoro mingi inayopatikana mtandaoni ilichorwa na watu wenye gati na maji ya kina; hili la kukalia mawe hawakuliwaza.

Katika hili la pili katamarani inashinda bila ubishi. Maji yakipwa inakaa wima juu ya mitumbwi yote miwili, na uzito umegawanyika. Ngalawa huegemea boya moja, na boya hilo linaweza kuwa limekalia jiwe. Mwenye ngalawa ya povu anapaswa kuivuta hadi mchangani kila arudipo, au kuwa na nafasi yenye mchanga mtupu, au kukubali kwamba matumbo ya maboya yatakuwa na viraka.

Ngalawa: boya linalokataa kuzama

Boya la ngalawa ya kale si boya hasa. Ni ubao uliochongwa ukainamishwa, na huinua kwa mwendo kuliko kwa kuelea. Chombo kikikimbia maji yanausukuma ubao juu. Kikisimama, ubao unazama taratibu. Ukiuondoa ukaweka povu, umebadilisha zaidi ya malighafi. Sasa upande wa demani, ule ambao chombo kinauinamia upepo unapokisukuma, una kitu kinachokataa kuzama hata mkiwa mmesimama mnavuta nyavu. Hilo ni jema kwa watu na zito kwa mirengu, yaani ile miti miwili inayokingama kushika maboya. Hapa hesabu inasaidia.

Upepo wa kilomita 28 kwa saa ukilipiga tanga la mita 8 za mraba hutoa msukumo wa pembeni wa kama kilo 35. Kitovu cha tanga kikiwa mita 2.2 juu ya maboya, hiyo ni nguvu ya kupindua ya kilo 77 kwenye mkono wa mita 1. Boya liko mita 1.5 kutoka katikati ya mtumbwi, kwa hiyo linatakiwa linyanyue kilo 51. Upepo ukipanda hadi kilomita 46 kwa saa, deni haliongezeki kwa kiasi kile kile kasi ilivyoongezeka. Nguvu ya upepo hufuata kasi ikizidishwa kwa kasi, na boya sasa linadaiwa karibu kilo 140.

Boya la urefu wa mita 3, upana sentimita 25 na kimo sentimita 25, ukishachonga ncha na kulainisha tumbo, hubaki na ujazo wa lita 130 hivi. Linanyanyua basi kilo 130, toa uzito wake lenyewe, kilo 6 au 7. Kwa upepo wa kwanza lina akiba kubwa. Kwa upepo wa pili linakwenda chini ya maji, isipokuwa mabaharia wahamie goshini, upande upepo unakotokea, wakae juu ya mirengu. Wavuvi wetu hufanya hivyo bila kupiga hesabu yoyote, na hesabu inawaunga mkono: watu wawili wa kilo 140 wakisogea sentimita 70 tu kuelekea goshini, deni la boya linapungua kwa kilo 65.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye karatasi, nayo ni onyo. Boya la lita 130 halizami ghafla. Maji yanaanza kulipita juu, mwendo unapungua, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, inavutwa kuelekea demani na mwenye usukani analihisi hilo mkononi. Ana muda wa kulegeza kamba ya tanga. Ndiyo sababu siwashauri watu walinenepeshe boya hadi lita 300 eti kwa usalama. Boya kubwa namna hiyo halikuonyi, na mzigo wote ambao lingekuwa limeukataa kwa kuzama unahamia kwenye mirengu.

Na mirengu ina mwisho wake. Boya linaponyanyua kilo 130, kila mti kati ya miwili unapewa kilo 65 mwishoni mwa mkono wa mita 1.2 hivi, ukihesabu kuanzia ubavu wa mtumbwi. Mti wa mvinje wa kipenyo cha milimita 50 uko ukingoni hapo. Wimbi moja la kushtukiza linatosha kuuvunja. Ukichukua wa milimita 70, nguvu yake ni karibu mara tatu, kwa sababu uimara wa mti dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Milimita 20 za mti, ambazo dukani hazikugharimu kitu cha maana, ndizo tofauti kati ya kurudi kwa tanga na kurudi kwa kuvutwa. Boriti za mikoko ni imara zaidi, lakini mikoko hukatwa kwa kibali, na mvinje unapandwa kote pwani kwa ajili ya kujengea. Mabomba ya alumini ya kutengenezea madirisha yanavutia kwa wepesi wake. Ni laini kuliko yanavyoonekana, na yakishapinda hayarudi.

Kuhusu umbo la boya: liwe nene zaidi mbele kuliko nyuma, na ncha ya mbele iinuke. Upepo ukikupiga kutoka nyuma ya ubavu, chombo hakiinami pembeni tu, kinainama pembeni na mbele kwa pamoja, na boya lenye pua nyembamba huchimba maji. Likichimba chombo kinazunguka pale pale, na aliyekaa shetri, yaani nyuma, anarushwa.

Katamarani: nzuri, ila inaliomba povu kazi mbili

Katamarani haina mtumbwi wa kati wa kutegemea. Kila mmoja wa wale wawili lazima uweze kubeba chombo chote peke yake na akiba juu yake. Chombo, tanga na watu wawili wakifika kilo 240, weka lita 400 au zaidi kwa kila mtumbwi. Hiyo ni zaidi ya robo tatu ya mita ya ujazo ya povu, wakati maboya mawili ya ngalawa yanataka robo tu. Ngozi ya kufunika nayo inafika mita za mraba 11 au 12, dhidi ya 5 au 6. Mwenye ngalawa analipia tofauti hiyo kwingine, kwa sababu mtumbwi wake wa kati wa plaiwudi ya milimita 6 unakula mbao nne au tano, kila ubao wa kilo 9 hadi 12. Kwa hela za jumla vinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kinachotofautiana ni hela hizo zimekwenda wapi.

Kwa uthabiti, karatasi inaipendelea katamarani. Mitumbwi ikiwa na mita 2 kati yao, kilo 240 zinashikilia chini kwa mkono wa mita 1, kwa hiyo inastahimili upepo wa kilomita 46 kwa saa bila mtu kuondoka alipokaa. Sitaha yake ni pana, unaweza kupanga ndoo za samaki, watoto, wageni wa kutembezwa. Kama kazi yako ni kubeba watu watulivu wasiojua kuhamahama, katamarani ndiyo jibu na usisome tena sehemu ya ngalawa.

Lakini hiyo nguvu ina ukingo mkali. Mtumbwi wa goshini ukishatoka majini, kila nyuzi ya kuinama inayoongezeka inapunguza ushikiliaji badala ya kuuongeza. Mwenye uzoefu anaufurahia ukingo huo. Mwanafunzi anaujua akiwa tayari amepinduka. Na vyombo hivi vyote, vikishalala tanga chini, hukaa hivyo kwa utulivu mkubwa.

Sasa ile sababu niliyoiahidi. Povu linaweza kusukumwa juu na maji tumbo zima kwa pamoja, kilo 130 zikagawanyika kwenye eneo kubwa, na lisijali. Kitu lisichokiweza ni mzigo wa nukta moja: bolti inayolivuta, mguu wa mlingoti, ukingo wa mti unaolikandamiza. Katika ngalawa mlingoti unasimama ndani ya mtumbwi wa mbao, watu wamekaa ndani ya mbao, usukani umefungwa kwenye mbao, na povu limepewa kazi moja tu ya kuelea. Katika katamarani ya povu, mlingoti, watu na kupindana kwa mitumbwi miwili inayopanda mawimbi tofauti vyote vinapita kwenye miti ya kukingama na kuingia ndani ya povu. Povu limegeuzwa uti wa mgongo. Inawezekana, na viwanda hufanya hivyo, ila kwa povu zito la kiufundi na ngozi nene iliyobanwa kwa ombwe. Uani kwako itabidi uzike vipande vya mbao ndani ya povu kila mahali mti unapogusa, uviunganishe na ngozi ya juu na ya chini, na usikosee hata kimoja. Ukifika hapo, jiulize kwa nini hukuunda mitumbwi miwili ya plaiwudi iliyo tupu ndani.

Jambo dogo la mwisho: katamarani nyepesi hugeuka kwa shida. Kwenye mkono wa Mtwapa, penye maji yanayovuta na boti za moto zinazopita, kupiga bisho, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, na katamarani inayokwama katikati ya upepo ni adha. Ngalawa huzunguka kwa mtumbwi wa kati.

Mrengu mmoja, kwa ufupi

Wavezo, jamii ya wavuvi wa Madagaska, wanao, visiwa vya Pasifiki wanao, na ni chombo cha ajabu. Boya moja, mirengu miwili, nusu ya povu. Kwa fedha hakuna kinachoushinda mtindo huu.

Shida ni kwamba boya halina mwenzake. Kwa mtindo wa visiwa vingi vya Pasifiki boya hukaa goshini daima, na ukitaka kurudi ulikotoka hugeuzi chombo: unahamisha tanga na usukani kutoka ncha moja hadi nyingine, na shetri inakuwa omo. Mahali pana, kama kukimbia sambamba na ufuo kutoka Nyali hadi Bamburi, hiyo ni raha. Ndani ya mkono wa bahari mwembamba, katika kuhamisha tanga tayari umeshafika kwenye mikoko. Wavezo hawahamishi tanga hivyo. Kwa mwelekeo mmoja boya lao liko goshini, kwa mwingine liko demani, na wanajua kwa mazoea ya tangu utotoni lini wakae juu yake na lini walikimbie. Kama huna mazoea hayo, usijifunzie kwenye chombo ulichokiunda mwenyewe.

Povu lipi

Hapa jedwali linatosha kuanzia.

| Povu | Uzito wa mita 1 ya ujazo | Likiachwa wazi majini | Resini ya poliesta | Waya wa moto |
|---|---|---|---|---|
| Stairofomu ya punje, ya makasha na ujenzi | kilo 15–30 | maji hupenya taratibu kati ya punje | huliyeyusha | hukatika vizuri |
| Stairofomu ya bamba, isiyo na punje | kilo 28–40 | hunywa kidogo sana | huliyeyusha | hukatika, penye hewa |
| Poliurethani ya kumimina au mabamba ya njano | kilo 30–40 | hunywa na kumumunyuka juu | halidhuru | usithubutu: moshi wake ni sumu |

Stairofomu ya bamba ndiyo bora ukiipata, na kuipata ndiyo kazi. Ile ya punje iko kila mahali, kwa sababu ya ujenzi wa sakafu za ghorofa na paneli za kuta. Ukiinunua uliza uzito, usiulize unene. Bamba la kilo 15 kwa mita ya ujazo ukilibonyeza kwa kidole gumba linabaki na shimo. La kilo 25 linakurudishia kidole. Kwa maboya mawili tofauti ya uzito ni kilo 2 au 3 tu, kwa hiyo sioni sababu ya kununua lile laini.

Makasha ya samaki yaliyotumika ni ya bure au karibu na bure, na watu huyapasua wakayagandisha pamoja. Yanafaa kujaza nafasi ndani ya kisanduku cha plaiwudi. Kuchonga boya kutokana nayo ni kujitafutia kazi: kila kipande kina uzito wake, mafuta ya samaki yanazuia gundi, na unapopiga msasa kila mstari wa gundi unabaki umeinuka kama mshono wa kanzu iliyoshonwa gizani.

Poliurethani ina sifa moja kubwa, kwamba unaweza kuifunika kwa faibaglasi ya poliesta ya kawaida, ile ile ya mafundi wa boti na matangi ya maji. Watu huipendea hilo. Mimi naiona ina kasoro isiyosameheka kwa boya: ngozi ikigongwa mahali, povu la chini yake linageuka unga kidogo kidogo kwa mtikisiko, na ngozi inaachana nalo. Maji yakiingia humo hayatoki. Boya la kilo 7 linakuwa la kilo 15, na hujui tangu lini.

Kuna wanaouliza kuhusu bomba za plastiki za maji taka badala ya povu. Bomba la milimita 160 lenye urefu wa mita 3 lina ujazo wa lita 60, chini ya nusu ya tunachotaka, na likipata tundu moja linajaa lote. Povu halina faida nyingine kubwa kuliko hiyo: tundu ni tundu tu, chombo kinaendelea.

Stairofomu, ya punje au ya bamba, pia huyeyushwa na petroli. Usibebe mtungi wa mashine ya akiba juu ya boya ambalo ngozi yake ina nyufa. Na ukichonga, chonga juu ya turubai na uzoe punje zote. Zikifika ufuoni hazioti kutu wala haziozi, na kasa huzila.

Ngozi ya juu

Chaguo ni tatu, na mbili ndizo za kujadili. Epoksi na kitambaa cha faibaglasi ndiyo ngozi ya kudumu kwa stairofomu, kwa kuwa epoksi hailiyeyushi povu. Tabaka mbili za kitambaa cha gramu 300 kwa mita ya mraba, na ya tatu kwenye tumbo na pua, zinatosha kwa mchanga na mawe ya kawaida. Poliesta ni rahisi kwa bei, na wapo wanaopaka rangi ya maji kwanza ili kulikinga povu; tundu la ukubwa wa sindano kwenye rangi hiyo linatosha resini kupita na kuchimba pango usiloliona. Siitaki. Ya tatu ni kitambaa cha pamba kilichogandishwa kwa gundi ya maji na kupakwa rangi ya nyumba mara kadhaa. Watu huidharau. Kwa chombo kinachovutwa juu kila siku na kukauka, inafanya kazi, na ikichanika unaiziba kwa saa moja. Ikiachwa majini wiki nzima, inalainika.

Hali ya hewa yetu ina mambo yake na epoksi. Kwa nyuzi joto 30 kikombe kikubwa kinaweza kuchemka na kuganda kabla hujakimaliza, basi changanya kidogo kidogo na ukimimine kwenye sinia bapa. Anza alasiri jua likishaanza kushuka. Ukipaka asubuhi, hewa iliyo ndani ya povu inapanuka kadiri joto linavyopanda na kusukuma mapovu kwenye ngozi mbichi. Ukipaka wakati joto linateremka, povu linavuta resini ndani. Unyevu wa pwani nao huacha utelezi kama nta juu ya epoksi nyingi zikishakauka. Usiupige msasa kwanza. Uoshe kwa maji, ndipo msasa.

Rangi iwe nyeupe au karibu na nyeupe. Boya jeusi lililoachwa juani Februari linapata joto la kulainisha stairofomu, na ngozi inainuka malengelenge.

Kamba au bolti

Kwa kufunga mirengu, kamba. James Wharram, Mwingereza aliyevuka Atlantiki mwaka 1955–56 kwa katamarani ya futi 23 na nusu aliyoiunda mwenyewe, baadaye alichora vyombo vingi vinavyounganishwa kwa kamba, na wenye ngalawa wa pwani hii hawakumngojea awafundishe. Bolti inakaza nukta moja na kutanua tundu. Kamba inagawanya mzigo na kuruhusu mtikisiko kidogo. Juu ya boya gandisha vitako viwili vya mbao ndani ya ngozi, mti ukalie hapo, kamba izunguke boya zima juu ya mkanda wa faibaglasi ya ziada. Boya likivunjika unafungua kamba na kufunga jingine ufuoni. Hilo huwezi kulifanya na mtumbwi wa katamarani.

Tanga na ubao

Kwa ngalawa tumia tanga la pembetatu lenye foromali, ule mti unaoshika ukingo wa juu wa tanga. Mlingoti ni mfupi na kitovu cha nguvu kiko chini. Kasoro yake ni kwamba kulipunguza si rahisi, kwa hiyo shona mawili, la mita 8 na la mita 5 kwa ajili ya kusi. Turubai la plastiki linafaa kwa msimu wa kwanza. Katamarani inapenda tanga la mlingoti mrefu, na hiyo ni gharama nyingine.

Vyombo vyote vitatu ni vyepesi na vinateleza pembeni. Utahitaji ubao wa ubavuni unaoinuka wenyewe ukigusa chini. Ubao uliopachikwa daima chini ya mtumbwi hautamaliza mwezi ndani ya mwamba.

Kabla hujashusha

Vyombo vidogo husajiliwa na kukaguliwa chini ya KMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya baharini. Nenda nao mapema, chombo kikiwa bado hakijafunikwa, ili waone kilichomo ndani; povu lililofichwa huzua maswali. Jaketi za kuokolea ziwe za kila mtu. Mlango wa Kilindini na njia ya feri ya Likoni viache: meli haiwezi kukukwepa. Na kumbuka sehemu ya maji ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari, ambamo uvuvi umekatazwa hata kama chombo ni chako na ndoano ni moja.

Nani achukue kipi

Mvuvi wa ndoano, kijana anayejifunza, au yeyote atakayeenda peke yake siku nyingi: ngalawa ya mtumbwi wa plaiwudi, maboya ya stairofomu ya punje yenye uzito wa kilo 20 na zaidi, ngozi ya epoksi, mirengu ya mvinje ya milimita 70. Mwenye wageni wa kutembeza na mahali pa kukilaza chombo kwenye nanga: katamarani, lakini mitumbwi iwe ya plaiwudi, na povu lijazwe ndani kama akiba ya kuelea tu. Aliyezoea vyombo na anayetaka kitu cha kumtia wazimu kwa mwendo: mrengu mmoja, na asichukue abiria.

Ukiwa bado unasitasita, usinunue plaiwudi. Tengeneza boya moja kamili, ngozi na yote, kisha lipeleke ufuoni siku ya bamvua. Lipime kwanza kwa mizani. Maji yakijaa kiunoni, watu wawili walikalie. Likiwabeba kwa utulivu bila kuzama kabisa, ujazo wako uko sawa. Halafu lifunge kwa kamba mahali penye mchanga na mawe madogo, liache lipande na kushuka na maji kwa wiki mbili, ulioshe, ulikaushe na ulipime tena. Uzito ukiwa ule ule, tengeneza la pili. Ukiwa umeongezeka hata kilo moja, tafuta mahali maji yalipoingilia kabla hujafunga hata mrengu mmoja.